Maswali mnayoniuliza sana kuhusu kazi ya kuchonga midoli na modeli za kuunganisha

Nimeyakusanya hapa maswali ambayo karibu kila anayetaka kuingia kwenye hii kazi ananiuliza, nijibu mara moja yaishe. Mengine nimejibu kwa kirefu maana ndo penye utamu na ndo penye hasara, mengine nimepita fasta tu. Hayana mpangilio, soma linalokuhusu.

Hivi kweli kuna mtu anachonga hivi vitu? Si mashine tu zinatema?

Mashine zinatema ndio, ila zinatema nakala. Nyuma ya kila mdoli uliowahi kuushika kuna mtu alikaa akautengeneza wa kwanza, kwa mkono au kwenye kompyuta, na huo wa kwanza ndo tunaita masta. Jina lake mara nyingi halipo kwenye boksi ndo maana watu wanadhani hayupo. Wachache wamejulikana. Hans Beck, mtu aliyesomea useremala, ndo alibuni kale kamtu ka Playmobil kalikotoka 1974, ka sentimita 7.5, kusudi kaenee kwenye kiganja cha mtoto. Jens Nygaard Knudsen naye akabuni kamtu ka LEGO ka 1978. Viangalie vizuri hivyo viwili, macho nukta mbili na tabasamu, pua hakuna, na bado vinauzwa wakati midoli mingi yenye misuli kila kona ilishasahaulika.

Kitu cha kushika mapema ni kwamba wewe huchongi sanamu ya kukaa kabatini. Unachonga kitu ambacho wengine watakikata vipande, watakimwagia silikoni, watatoa nakala na watapaka rangi. Karibu majibu yote hapa chini yanatokea hapo.

Mdoli na modeli ya kuunganisha, kazi ni ileile?

Mikono ileile, akili tofauti kabisa. Mdoli mtoto ataudondosha, atauvuta mkono, atautia mdomoni, kwa hiyo vidole vinakuwa vinene, ncha zinaviringishwa, na kama una viungo vya kuzungusha basi bega lazima lipendeze mkono ukiwa chini, ukiwa juu, na ukiwa nyuma, kitu ambacho kwenye mwili wa kweli misuli inajisogeza yenyewe ila kwenye plastiki haisogei. Kuchonga bega la mdoli wa viungo ni kutafuta umbo la uongo linaloonekana kweli kwenye mikao yote, na ukiona mtu anaweza hilo ujue ameiva.

Ukubwa nao unabadilisha kila kitu. G.I. Joe, mdoli wa mwanajeshi wa kampuni ya Hasbro, ilivyotoka 1964 ilikuwa na kama sentimita 30, na ina nguo za kitambaa za kuvalishwa, kwa hiyo mchongaji anahangaika na kichwa, mikono na mwili wa viungo tu. Kenner, kampuni nyingine ya midoli, walivyotoa midoli ya filamu ya Star Wars 1978 walishuka hadi kama sentimita 9.5 ili mdoli uweze kukaa ndani ya chombo chake bila chombo kuwa kikubwa kama meza, na hapo nguo ikabidi ichongwe kwenye mwili wenyewe.

Modeli ya kuunganisha ni ya mtu mzima, au kijana mtulivu, atakaa nayo mezani na gundi na brashi. Huyo haogopi ncha kali, anazitaka. Anachochukia ni mwanya unaoonekana katikati ya kifua. Kwa hiyo unapanga mapema sanamu ikatwe wapi: kwenye mkanda, kwenye ukingo wa mkono wa koti, chini ya kola, nyuma ya nywele, popote ambapo mstari tayari upo. Mkato mzuri mnunuzi hataujua ulikuwepo.

Hizi skeli za 1/6, 1/35, 28 mm maana yake nini?

Gawanya tu. Mtu wa sentimita 180 kwenye 1/6 anakuwa sentimita 30, kwenye 1/12 anakuwa 15, kwenye 1/35 (skeli ya wapenzi wa vifaru na wanajeshi) anakuwa kama 5.1, kwenye 1/72 anabaki na 2.5. Zile za michezo ya vita ya mezani zinahesabiwa kwa milimita za urefu wa mtu, 28 mm ndo maarufu.

Sasa utamu upo hapa. Ukifuata vipimo vya kweli kwenye 1/72, kidole cha upana wa milimita 18 kinakuwa robo milimita, kitavunjika hata kabla hakijatoka kwenye kalibu (lile umbo tupu la ndani tunalotolea nakala), na mkunjo wa shati utapotea wote chini ya rangi. Kwa hiyo kadri sanamu inavyopungua ndo unavyozidisha chumvi, mikunjo michache ila yenye kina, macho makubwa kidogo, mikono minene, na kwenye 28 mm ya kishujaa kichwa na viganja vinakuzwa waziwazi hadi mtu wa kweli mwenye umbo hilo ungemkimbia. Ila mezani, ukiwa umesimama, inasomeka. Mchongaji anayetoka kwenye sanamu kubwa huwa anagoma hapa mwanzoni, anasema sio sahihi kianatomia, ni kweli sio sahihi, na ndo inavyotakiwa.

Nianze na udongo gani?

Udongo wa polima. Super Sculpey ndo wengi tulianzia, unabaki laini mpaka uuchome mwenyewe kwenye oveni, karibu nyuzi 130 za Selsiasi, dakika 15 kwa kila milimita 6 za unene. Usiongeze moto ili uwahi, utaungua na moshi wake sio wa kuvuta. Ule wa kijivu mgumu, Super Sculpey Firm, unashika kona kali vizuri zaidi na rangi yake haidanganyi macho, maana ule wa rangi ya ngozi mwanga unapenya kidogo na huoni makosa yako.

Ndani weka mifupa ya waya wa aluminiamu, na sehemu nene jaza foili iliyokandamizwa ili udongo ubaki mwembamba kote uive sawasawa. Waya ukikosea urefu wa paja, kila kitu utakachoweka juu kitakuwa kimekosea, kwa hiyo chora kwanza mtu wako kwenye karatasi kwa ukubwa uleule halafu lazia waya juu ya mchoro.

Epoksi za kuchanganya vipande viwili, Milliput, Magic Sculp, na ile ya kijani wanayoiita Green Stuff, hazihitaji oveni, zinakauka zenyewe kwa masaa kadhaa. Magic Sculp na Milliput zikikauka unazipiga msasa kama mbao. Green Stuff inabaki na umpira kidogo, msasa hauipendi ila kwa nguo na nywele za vitu vidogo haina mpinzani. Wengi tunachanganya, mwili wa hiki na nguo za kile.

Halafu kuna nta, ngumu kuizoea, ila watu wa midoli waliipenda sana kwa sababu inang'arishwa hadi inakuwa kama plastiki yenyewe na ukikosea unayeyusha tu pale ulipokosea. Angalizo moja kuhusu plastisini za mafuta: nyingine zina salfa ndani, na salfa inaizuia silikoni ya platinamu kuganda, utabaki na uji unaonata juu ya kazi yako yote. Soma pakiti kabla hujanunua.

Vifaa vinagharimu sana?

Hapana. Sindano ulizozipachika kwenye vijiti, vifaa vya daktari wa meno, kisu chembamba, brashi zenye ncha ya silikoni, kipimo cha kalipa, msasa wa namba tofauti. Ghali ni taa nzuri na kiti kizuri, na usidharau kiti.

Bado kuna maana kujifunza kwa mkono wakati kila kitu sasa ni kompyuta?

Swali linaloleta ugomvi. Ukweli ni kwamba kazi nyingi za kampuni leo ni za kidijitali, kwenye programu za kuchongea ZBrush ndo imetawala, Blender ni ya bure na imekuwa nzuri sana, na Nomad Sculpt unaitumia kwenye tableti ukiwa umelala. Sababu sio kwamba inachonga vizuri zaidi. Sababu ni marekebisho. Mteja akisema kichwa kipungue asilimia 5, kwenye udongo ni kuchonga kichwa upya, kwenye kompyuta ni sekunde. Zamani vitu vidogo vilichongwa vikubwa mara mbili au tatu halafu mashine ya pantografu inavipunguza wakati wa kukata chuma, sasa hivi unaandika namba tu.

Ila skrini ina mtego mmoja mbaya. Unakuza. Unakuza mpaka uso unajaa skrini nzima, unachonga vinyweleo vya ngozi, unajisifu, halafu inaprintiwa sentimita 5 na hakuna hata kimoja kinachoonekana, na sehemu za mwanzo ambazo ungepaswa kuhangaikia, kama uzito wa mwili upo mguu gani na mabega yanaelekea wapi, hukuzigusa. Mtu aliyepitia udongo hafanyi hivi kirahisi kwa sababu vidole vyake vinajua milimita ni nini. Ushauri wangu, na najua wengine hawakubaliani, chonga kwa mkono angalau kwa miezi kadhaa hata kama mwisho wa siku utakula kwa kompyuta.

Na ukiprinti, kumbuka printa sio mwisho. Printa za rezini, ile plastiki ya majimaji inayoganda, zinatandaza tabaka za kama milimita 0.05 au chini ya hapo, bado kwenye mashavu na mapaja mistari inaweza kuonekana, na alama za nguzo za kushikilia zipo, kwa hiyo masta inapigwa msasa, inapuliziwa praima, inaangaliwa tena, inapigwa tena msasa. Pini ya kuunganishia vipande na tundu lake uachie nafasi ya milimita 0.1 hadi 0.2 hivi la sivyo haziingii, usiamini zilivyoingiliana kwenye skrini.

Kalibu ni nini hasa na kwa nini mnaiongelea sana?

Kwa sababu ndo bosi wa kweli wa hii kazi.

Kalibu ya silikoni ni laini, inajikunja, unaweza kuivuta ikaachia hata pale sanamu ilipojipinda. Ndo maana modeli za rezini zinazotengenezwa nakala chache zinaweza kuwa na maumbo ya ajabu. Ubaya wake inachoka, baada ya nakala makumi kadhaa inaanza kuchanika kwenye sehemu nyembamba, na rezini inasinyaa kidogo ikiganda, kwa hiyo nakala ya nakala ya nakala inakuwa ndogo na butu.

Kalibu ya chuma ya kiwandani haijikunji hata chembe. Plastiki iliyoyeyuka inasukumwa ndani kwa presha, inapoa, pande mbili zinaachana kwenda moja kwa moja, basi. Kitu chochote kwenye sanamu yako kilichojificha nyuma ya kingine, kwa mfano nafasi kati ya mkono na kiuno au mkunjo wa koti unaorudi ndani, kitang'ang'ania chuma. Dawa ni tatu: kata kipande kiwe viwili, jaza lile shimo, au geuza kipande kilale vingine kwenye kalibu. PVC laini ya vichwa vya midoli inasamehe kidogo maana inanyooka wakati wa kutoka, plastiki ngumu ya modeli haisamehi. Kuta pia zinahitaji mteremko mdogo, digrii 1 au 2 tu zinatosha mara nyingi, ili kipande kiteleze kutoka.

Kalibu ya chuma ndo gharama kubwa kwenye mradi mzima, kwa hiyo kila kipande unachoongeza kuna mtu anapiga hesabu. Mchongaji anayeweza kusema "hapa nimeunganisha mkoba na mgongo ili tuokoe kipande" anapigiwa simu tena. Anayechonga vizuri kuliko wote ila hajui mistari ya kalibu inapita wapi, injinia wa kiwanda atamchongea upya na matokeo hayatampendeza.

Nahitaji digrii?

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Wanaangalia potifolio. Kazi 6 kali zinatosha, 20 za wastani zinakuumiza maana mtu anakuhukumu kwa ile mbaya kuliko zote. Weka uso wa binadamu unaofanana na mtu fulani, weka viganja (kila anayeajiri anaangalia viganja kwanza, na anajua ukivificha mfukoni), weka nguo zenye mikunjo inayoeleweka inavutwa kutoka wapi, na weka angalau kimoja kilichofika mwisho, kimekatwa, kimetolewa nakala, kimepakwa rangi. Picha za kijivu bila mbwembwe za mwanga. Na kama unataka kazi kwenye kampuni ya midoli ya watoto wadogo usiwapelekee mazombi tu.

Mteja anarekebisha mara ngapi?

Mpaka useme basi, na kusema basi kunaandikwa kwenye mkataba. Kama mhusika ana leseni, yaani ni wa filamu au mchezo fulani, kazi yako inapita kwa kampuni ya midoli, halafu kwa mwenye leseni, na mara nyingine mwigizaji mwenyewe ana haki ya kuikubali au kuikataa sura yake. Na watu hawajioni walivyo. Utaambiwa punguza pua ambayo umeipima kutoka kwenye picha 40. Punguza. Pigania vitu vitakavyovunjika au visivyotoka kwenye kalibu, pua waachie.

Malipo yakoje?

Njia ni kama tatu. Mshahara kwenye studio. Bei moja kwa sanamu, ukimaliza umemaliza hata wakiuza milioni. Au asilimia ya mauzo, tamu kwenye maneno, ila uliza ni asilimia ya nini, ya bei ya dukani au ya kinachobaki baada ya kila mtu kukata chake, maana hapo katikati watu wamelia. Siku hizi kuna ya nne, kuuza mafaili moja kwa moja kwa wenye printa nyumbani, kwa usajili wa kila mwezi, na kuna wanaoishi vizuri kwa hiyo ila inakudai vitu vipya kila mwezi bila kupumzika.

Chochote utakachochagua, andika haya kabla hujagusa udongo: malipo ya awali, idadi ya marekebisho yaliyomo kwenye bei, utalipwa nini mradi ukifutwa katikati, nani anamiliki masta na faili, na lini unaruhusiwa kuonyesha kazi. Hilo la mwisho watu wanalisahau. Kazi nyingi ni siri mpaka bidhaa itangazwe, kwa hiyo unaweza kukaa mwaka mzima ukifanya kazi nzuri kuliko zote ulizowahi kufanya na potifolio yako inaonekana umelala. Ndo maana kila mara kuwa na kitu chako binafsi pembeni.

Naweza kuchonga mhusika ninayempenda nikauza?

Kuchonga kwa mazoezi chonga. Kuuza bila leseni ni kuvunja haki za mtu, hata ukiuza 10 tu. Japani walipata njia yao: modeli za rezini za kutengenezwa nyumbani zilishamiri huko kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwenye maonyesho ya Wonder Festival wachongaji wadogo wanaombewa leseni ya siku moja, unauza siku hiyo, pale pale, baada ya hapo huna ruhusa. Wengi wa wachongaji wakubwa wa huko walionekana mara ya kwanza kwenye hizo meza.

Na upande wa pili wa shilingi, kuna watu watanunua modeli yako moja, wataitolea kalibu, watauza nakala za bei chee. Utaijua kwa udogo wake kidogo na mapovu ya hewa. Hakuna dawa kamili. Usinunue za hivyo na wewe, basi.

Ni hatari kwa afya?

Ukizembea ndio. Kwa vumbi la rezini na epoksi vaa barakoa ya maana yenye kichujio, sio kitambaa, na piga msasa kwenye maji panapowezekana. Rezini ya printa ambayo haijaganda usiiguse kwa mkono mtupu, vaa glavu za nitraili, na mzio wake ukishakushika hauondoki, kuna watu wameacha kazi kwa ajili hiyo. Rezini za poliurethani zina isosianati, hizo zinaenda kwenye mapafu, zinahitaji hewa inayozunguka kweli. Oveni ya udongo isiwe ya chakula.

Nikitengeneza midoli ya watoto kuna sheria gani?

Ulaya wana viwango vya EN 71, Marekani ni ASTM F963. Inayomhusu mchongaji moja kwa moja ni ya vipande vidogo: kuna kasilinda ka kupimia kenye upana wa milimita 31.7, na chochote kinachoingia chote humo, hata kikiwa kimevunjika kutoka kwenye mdoli, hakiruhusiwi kwa watoto chini ya miaka 3. Kwa hiyo yule bata uliyemchongea kofia inayotoka, kofia inaenda kwenye kasilinda kwanza.

Sanamu moja inachukua muda gani?

Uso mdogo siku moja au wiki, inategemea nani anasubiri. Figa nzima yenye viungo na marekebisho ni wiki kadhaa.

Sawa, kesho nianze na nini?

Mtu mmoja aliyesimama, sentimita 15, nguo za kawaida, hana mabawa, hana upanga. Mmalize. Kisha mkate, mtolee kalibu ya silikoni, mwage rezini nakala 3, halafu mpe mtu mwingine aunganishe bila wewe kumwambia chochote. Kaa pembeni uangalie anakwama wapi, na hapo anapokwama ndo pa kurekebisha kwenye masta kabla hujaanza ya pili.